Harage la Hezekia Thurlow

Miaka kumi tangu ashuke melini Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, Hezekia Thurlow, fundi mapipa wa Wenbury, hajawahi kuamrisha kitu kikamtii. Hata ng'ombe wake alikuwa na maoni yake. Sasa kapteni wa mgambo amehamia koloni jirani la Konektikati, na jina lililopendekezwa ni la Hezekia. Alikitaka cheo hicho mpaka usingizi ukampaa.

Siku ya gwaride, wanaume thelathini na watano walipita mmoja mmoja mbele ya kofia ya mchungaji. Anayemtaka Hezekia atie punje ya hindi, asiyemtaka atie harage. Zamu ya Hezekia ikafika. Kujichagua mwenyewe ni majivuno, na majivuno ni dhambi. Basi akatia harage, akarudi mstarini akijiona mtakatifu.

Mchungaji akahesabu. Mahindi kumi na saba, maharage kumi na nane.

"Pole, Ndugu Thurlow," akacheka Zerubabeli Tuck, mfua chuma. "Kaamrishe mapipa!"

Hezekia akajifuta uso. Mkewe Mehetabeli, aliyekuwa akitazama na wanawake wenzake, akamsogelea.

"Mume wangu, mbona jasho linakutoka? Wewe ulitia nini?"

"Harage," akanong'ona. "Nijipigie kura mwenyewe? Si majivuno hayo!"

"Na moyoni ulitaka nini?"

"Hindi."

"Basi umemdanganya mchungaji mchana kweupe!" Akapaza sauti uwanja mzima usikie. "Mchungaji! Huyu ana neno la kuungama!"

Hezekia akaungama, masikio yamemwiva. Mchungaji akafikiri, akalitoa harage la uongo, akatia hindi mahali pake. Kura zikageuka. Lakini sheria ya mji ni sheria, na mwongo hukaa saa moja kwenye mkatale, awe fundi awe kapteni.

Kwa hiyo Kapteni Thurlow alianza kazi miguu ikiwa imebanwa katikati ya mbao, kikosi kizima kikimkodolea macho. Tuck alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Hezekia akavuta pumzi. Aibu yote ilishampata, hakubakiwa na ya kuogopa.

"Tuck, funga mdomo! Kikosi, kulia, geuka!"

Wakageuka. Wote thelathini na wanne, Tuck akiwa wa kwanza.

Saa moja ilipokwisha, mlinzi wa mkatale alikuja na ufunguo. Hezekia akamsihi amwache humo kidogo tu, maana kikosi kilikuwa kinakwenda vizuri.