Jina la Kushonwa

Shati la kumi na saba la polisi lilikuwa chini ya sindano ya fundi pale koplo wa ghala alipoingia na kopo la pini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Acha kushona. Mkuu anasema majina yafungwe kwa pini, yawe yanatoka. Kwa ajili ya kufua."

Fundi hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Na vifungo vya shati, huwa mnavitoa mkifua?"

Kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye pia ni katibu wa kamati ya mtaa, alicheka mpaka mteja akajishika sikio.

Kamati ilikuwa imekaa na polisi mikutano kumi na minne, kwenye viti vya kuazima, kwa jambo hili moja: kila askari avae jina lake. Fundi hakukosa hata mkutano mmoja. Mwanawe wa mwisho alipigwa kirungu pale kona ya duka la dawa, saa tisa alasiri, watu wakiona. Hakuamka tena. Jalada lilifungwa na maneno mawili: askari asiyefahamika. Asiyefahamika, na walimwona uso, wakamwona na kitambi na mkanda uliopinda. Alichokosa ni jina tu.

"Tulitia saini yashonwe," kinyozi akasema, mkasi hewani. "Pini imetoka wapi?"

"Kaka, mimi natumwa tu. Ila siku tukiambiwa tukatawanye watu..." Koplo akalitazama kopo lake.

"Ndipo mnayatoa," fundi akammalizia, taratibu, kama anayemsaidia mtoto kusoma.

"Mkuu akitaka, tutayafumua, mama."

"Fumueni. Nimepita mara mbili, kwa uzi wa turubai. Mtakaa na wembe mpaka shati lenyewe liishe."

Koplo aliondoka. Kopo aliliacha mezani.

Mchana alikuja askari wa kike, mgeni kituoni, kuchukua shati lake. Alilivaa palepale juu ya fulana, akapapasa kitambaa cha jina.

"Umeweka na la baba."

"Ndivyo orodha ilivyosema."

"Alifariki mwaka jana."

Fundi alisimama. Akaukata kwa meno uzi uliobaki, uso karibu na kifua cha yule binti, kama alivyokuwa akimkatia mwanawe kwenye sare za shule. Kisha akalinyoosha shati kwa kiganja, mara moja, mara ya pili.

"Pole, mwanangu. Basi mtembeze vizuri."

Nje, muuza maji alimsoma kifuani, akamwita kwa majina yote mawili: "Habari za kazi?"

Askari akageuka upesi, kama mtu aliyeitwa na wa kwao. "Nzuri, shangazi."

Fundi akalisukuma kopo la pini chini ya meza kwa mguu, akavuta shati la kumi na nane.