Majina ya Katikati ya Tandiko

Honorine wa Kampemba alijulikana mtaani kwa mambo mawili: hakuna aliyemshinda kwa sindano, na hakuwahi kumaliza kitu. Katika sanduku la bati chini ya kitanda chake kulikuwa na foronya iliyokosa upande mmoja, kitambaa cha meza chenye maua matatu kati ya kumi na mawili, na gauni la ubatizo la binti yake Mado, lililobaki bila mikono mpaka Mado mwenyewe akafika miaka ishirini na moja na kuposwa.

Mumewe, Clément, alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba na hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini Mado alipoposwa, mwezi wa tisa wa mwaka 1971, alimwambia mke wake, "Mama Mado, ya mutoto umalize."

Honorine akaapa kwamba ya mtoto atamaliza. Angemshonea tandiko la viraka, la kitanda cha watu wawili, na harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Akakusanya vipande vya vitenge kwa mafundi wa sokoni, akakata magauni yake ya zamani, akakata na shati la Jumapili la Clément bila kumwuliza. Viraka mia mbili na arobaini akaviunga kwa mkono. Chini akaweka marekani, katikati blanketi kuukuu, akapiga bandi ndefu ili visihame, kisha akaanza kushindilia kwa mshono mdogo mdogo, kiraka kwa kiraka.

Katikati ya tandiko aliacha kipande cheupe chenye upana wa sinia. Sista Mbelgiji aliyewafundisha wake za wafanyakazi kushona pale foyer, nyumba ya mafunzo ya akina mama, alikuwa mkali juu ya jambo moja: kazi haijaisha mpaka iwe na majina, mahali na mwaka. Honorine alikuwa amesahau mengi ya Sista, lakini hilo lilimkaa kichwani. Basi akatarizi kwa uzi mwekundu: MADO NA GÉRARD, LUBUMBASHI, KATANGA, CONGO, 1972.

Alifunga fundo la herufi ya mwisho mwishoni mwa mwezi wa kumi. Siku hiyohiyo redio ikatangaza kwamba nchi haiitwi tena Congo. Inaitwa Zaïre.

Honorine aliweka sindano chini, akahesabu kwa vidole. Herufi tano zinatoka, herufi tano zinaingia.

"Ni sawa," akamwambia Clément. "Bakubwa banafikiria na bantu ya sindano."

"Mto nao unaitwa vile," akasema Clément. "Na pesa. Sasa muntu anaweza kuwa na Zaïre mbili, ile ya tatu ikamukosa."

Akafumua, akatarizi upya. Krismasi ikapita. Mwezi wa kwanza Katanga nayo ikawa Shaba. Clément, aliyekuwa akimimina shaba kwa miaka kumi na sita, alirudi kutoka kazini jioni akaambiwa kwamba sasa anaishi ndani yake. Safari hii herufi saba zilitoka, tano zikaingia, ikabaki nafasi, Honorine akaijaza kwa ua dogo. Alikuwa amebakiza pindo tu, kuzunguka pande zote nne. Kazi ya siku tatu.

Ndipo likaja la majina ya watu. Kila mtu alitakiwa kutupa jina la kizungu la ubatizo na kuchukua la mababu. Aliyekuwa Monsieur sasa ni citoyen, yaani mwananchi, aliyekuwa Madame ni citoyenne, na komini, ofisi ya serikali ya mtaa, haitaandika ndoa ya Mado wala ya Gérard wala ya yeyote mwenye jina la mtakatifu.

Kwa Mado haikuwa kazi. Alikwenda komini asubuhi, akasema anachukua jina la bibi yake, Musonda, na kabla ya saa nne alikuwa amerudi anapepeta mchele.

Kazi ilikuwa kwa Gérard. Alikuwa karani wa stoo, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa ameangalia vizuri nani anapanda cheo na nani hapandi. Wakubwa wote walikuwa wanajitwalia majina marefu. Karani mwenye jina fupi, alisema, atabaki stoo mpaka azeeke. Akaomba ruhusa, akapanda lori hadi Kasomeno kwa wajomba zake, akawauliza juu ya mababu wote mmoja mmoja, hasa wale waliokuwa wakali. Harusi ikasogezwa. Wiki tatu baadaye akarudi.

Kwa heshima ya ukwe hakuingia ndani. Alisimama uani, ameupa mlango mgongo, na Honorine akakaa ndani nyuma ya pazia na tandiko lake magotini. Maneno yalipita kwa Mado, aliyesimama kizingitini.

"Muambie mama," akasema Gérard, "mimi sasa naitwa Mulenga Chomba Ngosa wa Chola Simba Halali."

Honorine akasema, "Muulize mukwe wangu: ile ni jina ya muntu moya, ao ni ya équipe muzima ya football?"

"Mama anauliza kama ni jina lote," akasema Mado.

"Ni lote. Na lisikatwe."

Honorine akapima kipande cheupe kwa shubiri. Mulenga angeingia. Chomba angeingia akijibana. Ngosa angepita juu ya mji wa Lubumbashi, na huyo Simba asiyelala hakuwa na pa kulala. "Muulize," akasema, "kama nitashona simba ku mugongo ya kitanda." Lakini Mado hakulipeleka hilo neno.

Basi tandiko likakaa, na majina ya zamani bado yamo, MADO NA GÉRARD kwa uzi mwekundu, likisubiri wakwe wakubaliane.

Jumamosi moja, baada ya watu wote kufagia mtaa katika salongo, katibu wa Chama wa mtaa ule alipiga hodi. Aliitwa Citoyen Kalenga. Mpaka mwezi wa kwanza alikuwa Émile. Koti lake la kola fupi lilikuwa jipya, na alisikia joto ndani yake.

"Citoyenne, banasema kwako kuko nguo iko na majina ya kikoloni."

Honorine hakubisha. Akalitandika mezani. Katibu akayasoma majina, akatikisa kichwa, kisha akainua kile kipande cheupe kukielekeza dirishani. Jua likapita katika kitambaa. Uzi ulipofumuliwa sindano ilikuwa imeacha matundu, na matundu yale, chini ya ZAÏRE, yalisomeka vizuri kabisa.

"Hii ni nini?"

"Ni bitobo tu, citoyen."

"Bitobo ya nini?"

"Ya Congo."

Katibu akaliachia tandiko kama lililomchoma. "Unaona! Unaandika moya, unaficha ingine chini!"

"Siko naficha. Nilifumua. Kitobo hakifumuliwi, citoyen. Kinasuguliwa na ukucha na maji, pole pole."

"Basi sugua," akasema katibu. Akampa siku nane, aondoe Congo, Katanga, Mado na Gérard, kisha atarudi kuangalia tena mbele ya dirisha.

Alirudi Jumatatu, siku mbili tu baadaye, na hakupitia mlango wa mbele. Aliingia kwa mlango wa jikoni, na chini ya kwapa alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na tandiko la zamani, limefuliwa mpaka likawa laini kama sikio la sungura. Katikati palikuwa na njiwa wawili na maneno: ÉMILE NA DELPHINE, ÉLISABETHVILLE, 1958.

"Ni ya ndugu yangu," akasema katibu, akiangalia sufuria.

"Ndugu yako iko anaitwa Émile?"

"Alikuwa anaitwa."

Honorine akaangalia ÉLISABETHVILLE. Herufi kumi na nne, na kila moja ingeacha matundu yake. "Citoyen, hii itaniomba muda. Yangu itangoyea."

"Ingoyee," akasema katibu haraka. "Yako haiko na haraka."

Basi Honorine akapata siku za kupumua kwa ajili ya ndugu wa katibu. Alikuwa amefumua herufi ya kwanza tu, ile É na mkia wake juu, Delphine mwenyewe alipofika. Delphine alikuwa mke wa katibu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimba kanisani, na safari hii hakuimba.

"Mama Mado, umeisha kufumua?"

"Herufi moya."

"Asante Mungu. Usifumue ingine." Akakaa kwenye kigoda, akaivuta ile nguo, akaishika. "Huyu Émile alinioa. Alikuwa ananiletea samaki ya Kasenga mbichi, ananiimbia. Huyu Citoyen Kalenga ananipigia discours kama ku mukutano, hata ku meza. Anasema, 'Citoyenne, chumvi.' Mi nataka Émile abakie mahali fulani."

"Na bwana yako akiuliza?"

Wakakaa wakiangalia njiwa. Honorine alijisikia vibaya kwa ile herufi moja. Akavuta uzi, akairudisha pale pale katika matundu yake, mkia na yote, na haikuonekana kwamba ilikuwa imetoka. Kisha akasimama, akatafuta katika mabaki yake, akarudi na kipande cha kijani, kijani kilekile cha bendera. Akakilaza juu ya majina, juu ya njiwa, juu ya Élisabethville nzima. Kilifunika kila kitu.

"Nitakishona ku pembeni tu," akasema. "Juu atakuwa Chama. Chini atakuwa Émile."

Delphine alicheka mpaka akashika tumbo. Katibu alipokuja kuchukua nguo ya ndugu yake, alikigusa kile kijani, akakiangalia mbele ya dirisha, hakuona kitu, akasema kwamba hiyo ndiyo kazi ya citoyenne aliyeamka.

Alipoondoka, Honorine alibaki amesimama jikoni. Alijiona mjinga. Miezi mitano alikuwa amefumua na kutarizi na kusugua kwa ukucha, na dawa ilikuwa kiraka, yeye ambaye maisha yake yote yalikuwa viraka. Akakata kitenge cha bluu, akakilaza juu ya kile kipande cheupe, akakunja kingo, akakishona. Hakutarizi kitu juu yake. Kisha akaweka pindo. Siku ya tatu, saa sita mchana, sindano ilifika pale ilipoanzia, akakata uzi kwa meno.

Hakujua mtu anafanya nini akishamaliza. Alikaa mikono mitupu kama msafiri aliyeshuka treni kwenye kituo asichokijua, mpaka Clément akarudi, akalitazama tandiko, akalizunguka, akatafuta pembe iliyobaki. Haikuwepo. Akavua kofia.

Harusi ilifanyika mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza. Komini iliandika majina ya bwana arusi katika mistari miwili. Jioni ile ya sherehe uani, kabla jua halijazama, zawadi zilifunguliwa mbele ya watu, na Citoyen Kalenga aliketi mbele kama mgeni wa heshima. Wanawake wanne walilishika tandiko kwa pembe zake wakalinyoosha. Watu wakapiga makofi, wengine kwa uzuri wake, wengi kwa sababu limeisha.

Katibu akainua mkono. Makofi yakakoma.

"Kila kuvreli, kila tandiko ya harusi, iko na majina katikati," akasema. "Hii haina. Inanyamaza. Nauliza: inanyamaza juu ya nini?"

Gérard, mwenye simba halali ndani ya jina lake, aliinama kutazama viatu vyake. Ndipo Clément akasimama, taratibu, kama mtu anayeinuka mbele ya tanuru.

"Citoyen," akasema, "tulibakisha nafasi tu. Majina ingine ikikuya, tutaiweka."

Delphine, pembeni ya mume wake, akapasuka kicheko kile cha kushika tumbo, na baada yake mwanamke mmoja, na watano, na uani hapakuwa na mtu ambaye hakucheka isipokuwa katibu. Katibu aliangalia kushoto na kulia. Kubaki peke yake bila kucheka kungekuwa hatari zaidi. Akacheka. Na kwa kuwa alishacheka, ilimbidi aseme kwa nini. Akasimama akaeleza kwamba familia hii imeelewa fikra za Chama kuliko familia nyingine zote za Kampemba, kwamba nafasi tupu ni utayari wa mwananchi, na kwamba kuanzia siku ile kila mama mtaani aache nafasi tupu katika kazi zake.

Wiki iliyofuata wanawake walipanga mstari kwa Honorine, na vitambaa vyao vya meza mikononi, wakitaka awafundishe.

"Niwafundishe kushona nini?"

"Ile ya katikati. Ile haina kitu."

"Hakuna kitu?" akasema Honorine. "Basi mumeshajua. Mwende nyumbani."

Gérard alipandishwa cheo mwezi wa kumi. Barua ilikuja, lakini mstari wa jina katika fomu ulikuwa mfupi, na mpiga taipu akaishia Ngosa. Sasa kulikuwa na Mulenga Chomba Ngosa mwingine, fundi wa umeme, ambaye aliipokea barua kwa furaha na kuhamia ofisini. Gérard alikwenda komini kuomba apunguziwe jina. Akaambiwa arudi na wajomba.

Mchana ule Mado alikuwa ameanika tandiko kwenye kamba. Alipokuwa akilikunja, kidole chake kilipita juu ya kiraka cha bluu na kuhisi kitu chini yake, kama mshipa. Akarudisha kidole. Kitu kile kilikuwa A, na kabla yake palikuwa na M. Akafuata taratibu mpaka mwisho wa mstari, mpaka herufi ya mwisho ya jina la ubatizo la mume wake. Hakumwambia mtu. Akalitandika kitandani, akafunga dirisha la barabarani, akasonga bukari, akaipakua, akaita.

"Gérard, kuya kula."

Akaja.