Kiingereza cha Mama Paulina

Mimi sibembelezi mwanafunzi. Anayekuja barazani kwangu hapa Miyuji, Dodoma, kujifunza Kiingereza anajua kwamba Mwalimu Mwanamvua ana mdomo, na kama hataki kusemwa abaki kwake. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, na sasa nawasema watu wazima kila jioni, kwa ubao mmoja na mabenchi mawili. Yupo Castory, mlinzi wa benki, ambaye kwake kila kitu ni "borrow". Akiazima ni borrow, akimwazima mwenzake ni borrow. Nimemweleza mpaka koo limekauka kwamba Mwingereza anatofautisha anayetoa na anayepokea. Castory ananijibu, "Mwalimu, sisi neno moja na mbona hatugombani?" Mtu kama huyo utamfanya nini.

Mama Paulina alikuja msimu wa zabibu. Alitoka kuchuma Makutupora moja kwa moja mpaka barazani, vidole vyeusi kwa maji ya zabibu, akakaa benchi la nyuma na kunyamaza mpaka wenzake walipoondoka. Jina lake Ruthu, Mgogo wa Gulwe, mtu wa kanisani, rika langu kabisa. Nikamsalimia "Mbukwa" kwa utani, maana Kigogo changu kinaishia hapo. Hakucheka. Alikuwa amekuja na jambo.

Binti yake Paulina alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akaolewa huko na Mwingereza, akazaa mtoto wa kiume anayeitwa Jordan. Kisha saratani ikamchukua. Alizikwa huko huko, na mama hakuona jeneza wala kaburi kwa sababu viza haikutoka kwa wakati. Sasa baba yake Jordan alikuwa ameandika kwenye simu ya mchungaji. Angekuja Pasaka, amlete mtoto aone kwao mama yake. Wakipokewa vizuri, angemleta kila mwaka. Wasipopokewa angeelewa, asingemsumbua mama tena, angehamia Australia kwa dada yake. Aliandika kwamba anajua mama ana haki ya kumchukia, kwa kuwa Paulina amelala ugenini.

"Mimi simchukii," Mama Paulina akaniambia. "Nani kasema namchukia? Amemuuguza mwanangu mpaka mwisho. Nataka ajue hivyo, na nataka amlete mjukuu wangu kila mwaka. Nifundishe hayo, Mwalimu. Mengine siyahitaji."

Nikamwambia mimi nipo, siku hiyo nitakuja kutafsiri, ajipumzishe na uzee wake.

"Mjukuu wangu niongee naye kwa mkalimani?" akasema. "Kama niko mahakamani?"

Basi, akawa mwanafunzi wangu. Nikaandika namba yangu kwenye simu ya mchungaji ili baba Jordan awasiliane nami, maana simu ya Mama Paulina ni kitochi. Naye hakukosa jioni hata moja, mvua ikinyesha anakuja na viatu mkononi. Alikuwa akinikasirisha kuliko wote, kwa sababu alikuwa akijitahidi kuliko wote. "He" na "she" zilimtesa. Sisi tuna "yeye" mmoja, mwanamume yumo, mwanamke yumo, na hatujawahi kupotezana. Mama Paulina alikuwa akimwita marehemu binti yake "he" na Castory "she", darasa zima linaangua kicheko, na yeye anacheka nao. Castory akaanza kumwita mama mkwe kwa utani, akisema kwa kuwa yeye ni "she" basi kaolewa tayari. Kwa neno hilo Mama Paulina alivuta khanga mdomoni akaangalia pembeni. Nikadhani ameona haya tu.

Mahali alipogoma ni kwenye "was". Nilimpa kazi aeleze habari za mwanawe. Akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba binti yake ni muuguzi, binti yake ni mrefu, binti yake anapenda mlenda. Nikamsahihisha, kama ninavyomsahihisha mtu yeyote: mtu aliyefariki, tunasema "was". Akakaa chini.

"Hiyo utanisamehe," akasema. "Hiyo sitaisema."

Nikafuta ubao tukaenda somo jingine.

Pasaka ikafika. Castory alimtania, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na kweli mwenyeji alionekana kupona kabla mgeni hajafika. Alipaka nyumba yake chokaa, akachinja jogoo, akaniomba nije nimsaidie kupokea. Asubuhi hiyo nilimsikiliza jikoni akiyasema yote niliyomfundisha, na hakukosea. Nilijisikia fahari, nisidanganye. Nilitaka kumsikia akiyamwaga mbele ya huyo Mwingereza.

Gari la kukodi likasimama, dereva akiwa Hamza wa hapo stendi. Akashuka Mwingereza mrefu, uso umeiva kwa jua, jina lake Alan, na kitoto cha miaka mitano kimemshika suruali. Jordan ana paji la uso la bibi yake, hilo halihitaji kuambiwa. Alan alimwona Mama Paulina amesimama mlangoni. Akaja kwake huku amefungua mikono, na machozi yameshaanza kumtoka.

Mama Paulina akajifunika khanga gubigubi, akageuka, akapita uani hadi jikoni, nusura akimbie.

Mwingereza akabaki na mikono yake hewani. Nikamkaribisha mimi, nikamkalisha, nikasema mama anamalizia chakula. Tukakaa. Chakula kililetwa na Yusra, binti wa jirani. Alan akaniuliza kwa upole kama mama atakula nasi, nikasema anakuja. Hakuja. Alan aligusa wali kidogo, akawa anaangalia picha ya Paulina ukutani, na mimi nilikuwa nataka kupasuka kwa hasira. Nikainuka nikaenda jikoni.

"Una wazimu wewe?" nikamwambia. "Mtu ametoka Ulaya, amekuja kukukumbatia, umemkimbia kama umeona chatu. Miezi yote hii nakufundisha nini?"

Alikuwa amekaa juu ya kigoda, uso ameuelekeza ukutani. "Mwalimu, yule ni mkwe wangu," akasema. "Mume wa mwanangu. Nitamtazamaje usoni? Nitakumbatianaje naye?"

Mimi nimezaliwa Dodoma hii, babu zangu waliingia na misafara wakabaki. Habari za Wagogo na wakwe zao nimezisikia tangu utoto, kwamba mama wa mke na mkwewe wa kiume hawaonani ana kwa ana wala hawashikani mikono. Lakini nilijua vijana wameshaiacha, na huyu ni mtu wa kanisa.

"Yule ni Mzungu," nikamwambia. "Hajui lolote."

"Akiwa Mzungu ndiyo si mkwe?" akasema. "Amemwoa mwanangu au hakumwoa? Nikimshika mkono nitakuwa nasema hakuwa mume. Namheshimu, Mwalimu. Sina heshima nyingine ya kumpa, nina hii tu."

Yeye akapangusa macho na kuweka khanga vizuri. "Niletee mtoto. Kwetu neno la mkwe hupelekwa na mtoto. Hayo yote uliyonifundisha nayatuma kupitia kwake."

Ndipo nikaelewa kwamba tangu mwanzo, jioni zote zile, hakuwa akijiandaa kuzungumza na Alan. Alikuwa akijiandaa kuzungumza na Jordan.

Nilimleta. Mtoto akasimama mbele ya bibi yake akimtazama bila woga, na Mama Paulina akamshika mashavu kwa viganja viwili. Mimi nilisimama mlangoni. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake: "Mama yako alikuwa mtoto wangu." Alisema "was". Neno alilonikatalia darasani alilisema pale, kwenye moshi wa jiko, na sauti haikumtetemeka. Akaendelea. "Mwambie baba yako simkasirikii. Mwambie alimtunza mwanangu vizuri, namshukuru. Mwambie akulete kila mwaka. Hapa ni kwenu."

Nimesahihisha Kiingereza maisha yangu yote. Pale hapakuwa na cha kusahihisha.

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Bibi akampa kishada cha zabibu, akambusu paji la uso, na mtoto akatoka mbio.

Nami nikatoka nyuma yake, lakini nilichelewa kidogo, uzee na magoti. Alan alikuwa ameshasimama nje karibu na gari. Nadhani aliona kwamba amekaa vya kutosha kwenye nyumba isiyomtaka. Akamwinua mtoto, akamuuliza bibi amesema nini.

Jordan alikuwa na zabibu mdomoni. Akafikiri.

"Amesema mama alikuwa mtoto wake," akasema.

Basi. Hayo mengine yote yalibaki jikoni. Mtoto wa miaka mitano hubeba neno la kwanza, na hilo ndilo lililokuwa la kwanza. Alan akafumba macho. "Ndiyo," akasema, "alikuwa mtoto wake."

Nilimvamia kwa maneno. Nikamwambia ni mila, nikamwambia ni heshima, nikamwambia yale yote aliyoyasema mama, kwamba hamkasirikii, anamshukuru, anaomba mtoto aletwe kila mwaka. Nilizungumza Kiingereza cha maisha yangu yote. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono begani, akasema mimi ni mtu mwema sana, na kwamba kama angekuwa mahali pa mama, naye asingeweza kumtazama mtu aliyemzika mwanawe mbali. Nikajua hakuniamini. Aliona namsitiri mwenyeji, kama mtu mzima anavyopaswa. Ningeweza kumkamata mkono nikamburuta hadi jikoni, lakini ningemvua mama wa watu nguo mbele ya mkwewe, na hilo nilishindwa.

"Hamza, usiwashe gari," nikamwambia dereva.

"Mama Mwalimu, mimi nimekodiwa," akasema Hamza, na akawasha.

Mtoto alinipungia mkono kwa kishada cha zabibu mpaka walipokata kona. Niliumia mimi, sijui niseme vipi. Niliumia kama vile wa kwangu ndiye aliyeondoka.

Nikarudi uani. Mama Paulina alikuwa amejifunua kichwa, amesimama, anasikiliza gari linavyokwenda.

"Amemwambia?" akaniuliza.

Alinitazama uso mzima, macho yamemng'aa. Mimi ninayejulikana kwa mdomo, nikasema, "Amemwambia."

"Nilikosea popote?"

"Hukukosea hata neno moja," nikamwambia, na hilo lilikuwa kweli.

Akacheka peke yake, akaanza kusuuza vyombo.

Alan nilimwandikia baadaye, maelezo marefu, nikamweleza tena mkwe ni nani kwa Wagogo. Akajibu kwa adabu sana. Alinishukuru kwa kujaribu kumliwaza. Alisema hana kinyongo na mama, anamwombea amani, na wameshapata nyumba Australia, mtoto ataanza shule huko. Nikaandika tena. Hakujibu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyebaki na kata tupu mkononi.

Mama Paulina bado anakuja. Ujumbe ule uko kwenye simu yangu, ninakaa nayo pale barazani na yeye amekaa benchi la mbele sasa, si la nyuma. Kila jioni najiambia leo nitamwambia wenzake wakiondoka. Wenzake wanaondoka, naye anaanza kunisimulia hiyo Pasaka ijayo, kwamba Jordan atakuwa mkubwa, atakuwa na meno mapya, na safari hii watazungumza zaidi, kwa sababu safari ile alikuwa na haraka ya kutuma ujumbe.

Juzi aliniuliza Mwingereza akitaka kumwambia mtoto "umekua" anasemaje. Nikainuka, nikamwandikia ubaoni. Akasimama, akalisoma, akalisema vizuri mara ya kwanza. Nikamwambia arudie.