Mlango wa Lori la Baba

Swabir alikwisha kumpata mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori la marehemu baba lilikuwa karibu kukatwa vipande. Sababu yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikachosha: kwa miaka ya kubeba mchanga wa ufuoni Msambweni, chumvi ilikuwa imeila chesisi, fremu ya chini inayobeba lori zima.

"Mifupa imeoza, dadangu. Njia ya bara italivunja katikati."

Twaiba alimsikiliza huku moyo ukimchemka. Yeye ndiye aliyelala chini ya lori lile pamoja na fundi Kalama, wakikata kila palipooza na kufunga vyuma vipya. Alitaka kuliendesha yeye, kama baba.

"Basi panda nami," akasema. "Tuwapelekee maji rafiki yangu Kanze na wenzake kule Taru kwenye ukame, tupitie Kinango. Likikatika, liuze. Lisipokatika, ufunguo ni wangu."

Wakaondoka na tangi la maji mgongoni mwa lori limejaa pomoni. Swabir alikuwa akisikiliza chini ya miguu yake njia nzima. Chuma kikilia kidogo tu, anamgeukia dada yake: "Umesikia hiyo?"

Walipofika kwenye korongo, Twaiba hakulikwepa. Gurudumu la mbele likazama, la nyuma upande wa pili likaning'inia hewani, na lori zima likalalia ubavu mmoja. Kitu kikalia ngriii! Swabir akapiga bismillahi, akashika mlango ili aruke.

Mlango ukafunguka.

Akabaki mguu mmoja nje. Mtoto wa dereva, alijua vizuri: chesisi ikilegea, kebini hupindika nayo, na mlango hukwama hata uupige mateke. Akaufunga. Ukafungika taratibu kama wa kabati. Akaufungua tena, akaufunga tena.

"Kaka, unashuka au unapunga upepo?"

"Nyamaza wewe. Kanyaga mafuta!"

Lori likanguruma, likapanda, likatoka na tangi lake bila kumwaga tone.

Taru walipokewa kwa vigelegele, Kanze mbele, ndoo zikigongana. Twaiba akalia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Mara simu ya Swabir ikaita. Alikuwa yule mnunuzi.

"Chuma kipi?" Swabir akafoka. "Hili ni gari, bwana! Haliuzwi."

Akakata simu. Kisha akazunguka hadi upande wa dereva, akamfungulia dada yake mlango.