Kikapu cha Sesilia

Basi lilisimamishwa Chang'ombe, karibu na geti la kiwanda, na abiria wote wakaamriwa kushuka. Mwaka ule wa kuwasaka walanguzi, mgambo walikuwa wanafungua chochote kinachofungika. Bibi mmoja alifunguliwa kitambaa alichofungia dawa yake ya kifua, ikamwagika barabarani, na hakuna aliyemwambia pole. Revelian, karani wa bohari, alikuwa ameshavuliwa viatu. Safari iliyopita aliuliza wanapekua watu kwa idhini ya nani, akajibiwa kwamba anayeuliza sana ana la kuficha. Leo alishika viatu mkononi, akafuata foleni.

Kilichomchoma zaidi ni mkewe. Sesilia, mbele yake kwenye foleni, alikuwa anacheka.

"Huyu ni mateka wangu," mgambo Anselmo aliwaambia wenzake, ameshika kikapu cha Sesilia bila kukifunua. "Babu zangu waliwateka hawa Wamwera. Twende nyumbani, mke wangu, ukanipikie."

"Babu yako alikuja kwetu na njaa, Mngoni we. Ndiyo maana mpaka leo mnachungulia vikapu vya watu."

Watu wa kusini waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mngoni na Mmwera ni watani, na mtani husema atakalo. Revelian alikwisha kuelezwa hayo, tena si mara moja. Lakini kwao Bukoba hajapata kuona mwanamume akimwita mke wa mtu mke wake mchana kweupe, na mwenye mke amesimama pembeni, peku. Tena Sesilia alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Nyumbani hakuwa amecheka hivyo tangu Pasaka.

"Pita, mateka," Anselmo alisema, akimrudishia kikapu, halafu akamgeukia Revelian. "Shemeji, mtunze vizuri huyu."

Hilo la shemeji ndilo lililommaliza.

"Mbona yeye hujamsachi?" Revelian alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sie tumevuliwa viatu. Kikapu chake kina nini mpaka kisiguswe?"

Sesilia aligeuka. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Alimtikisia mumewe kichwa kidogo sana, na Revelian akaona ni jeuri.

Mfaume, mkuu wa kikosi, aliinuka kivulini. "Ndugu amesema kweli. Anselmo, kifungue."

"Afande, huyu mtani wangu, nimeshamkagua..."

"Kifungue."

Chini ya mchicha kulikuwa na mche wa sabuni, umeviringishwa kwenye gazeti. Sabuni ilikuwa imeadimika madukani tangu masika. Asubuhi ile ile Revelian alikuwa amemgombeza mkewe kwa sababu kola ya shati lake imegeuka rangi.

"Risiti iko wapi?" Mfaume aliuliza.

"Sina, baba. Nimeuziwa na mama mmoja Mikocheni. Ya kufulia nyumbani tu."

"Mama gani?"

Sesilia alianza kuurudisha mchicha kikapuni.

"Basi mlanguzi ni wewe. Panda lori."

"Afande," Revelian alisema, akisogea mbele, "huyo ni mke wangu. Ni mche mmoja."

"Mkeo?" Mfaume alimtazama vizuri, halafu akampa mkono. "Basi umefanya jambo kubwa zaidi, ndugu. Nchi inataka wananchi kama wewe. Vaa viatu, upande basi."

Anselmo alimpokea Sesilia kikapu na kumsaidia kupanda lori. Safari hii hawakutaniana. Kondakta aligonga bati la basi. Revelian alibaki barabarani, viatu mkononi, anaangalia kama vidole vyao vimegusana.