Seremala Aliyeogopa Kukata Ubao

Seremala huyu hakuwa mvivu. Mteja akitaka meza Ijumaa, Ijumaa meza ilikuwa mlangoni kwake, imepigwa msasa na vanishi imekauka. Fundi wa sofa, jirani yake wa karakana, alizoea kumtania kwamba siku yake ikifika atalimaliza jeneza lake mwenyewe ndipo akubali kulala ndani. Kwa hiyo watu walishangaa kuona mbao za kitanda cha mwanawe zimeegemezwa ukutani tangu mimba ya mkewe ilipoanza kuonekana, mpaka buibui wakahamia.

"Kazi zimenibana," alikuwa akisema. "Nitaanza wiki ijayo."

Mkewe alijua kuwa si kazi. Wakati wa mimba ya kwanza, seremala alitengeneza kitanda mapema, akakipaka rangi ya maziwa, akakiweka karibu na dirisha na kuwaita majirani waje kukiona. Mtoto alizaliwa kimya. Siku waliyotoka kuzika, alikivunja kile kitanda kwa nyundo, kipande kwa kipande, na hakumwambia mtu vipande alivipeleka wapi.

Sasa hofu ilikuwa imemwingia mifupani. Aliona kama kuna kitu kimejibanza mahali kinasikiliza, na kwamba msumeno ukigusa tu ule ubao kitajua nyumba hii inatarajia mtoto. Hakuthubutu kulisema hilo, maana mchana kweupe lingechekesha. Lakini kila alipozikaribia zile mbao alikumbuka mguu wa kiti cha mtu unaohitaji gundi, akageuka.

Nyumbani alimchosha mkewe kwa swali moja.

"Anacheza?"

"Anacheza."

Chai haijapoa, analirudia. "Bado anacheza?"

"Mume wangu, hata yeye anataka kulala."

Asubuhi moja mkewe alikuja karakana, tumbo limemtangulia, akavuta kigoda akakaa kando ya meza ya kazi.

"Leo utanikatia ubao mmoja," alisema.

"Nina kabati la watu hapa."

"Kabati litasubiri. Unadhani ukinyamaza ndiyo baya halitatukuta? Mimi naogopa kuliko wewe. Leba nitaingia mimi. Ila tumbo langu siwezi kuliambia lisubiri wiki ijayo."

Seremala aliinamisha kichwa. "Nikishakimaliza tu…"

"Nani kakwambia umalize? Nimesema ubao mmoja. Usiwaze kitanda, usimuwaze mtoto. Waza huo ubao."

Akauchukua. Mstari wa kwanza wa penseli ulipinda. Akaufuta, akauchora tena. Msumeno ulipouma, alisimama kusikiliza. Upande wa pili wa ukuta fundi wa sofa alikuwa akigonga misumari na kukohoa. Hakuna kingine. Akaendelea, na kwa kuwa msumeno hauna huruma na mtu mwenye mawazo ya mbali, ilimbidi atazame meno yake yanapopita, basi. Kipande kilipodondoka, mkewe akainuka, akajipangusa vumbi la mbao na kwenda zake.

Wakaenda hivyo. Siku moja ubao, siku nyingine tundu moja tu la patasi. Hofu haikuondoka, alijifunza kufanya kazi ikiwa imekaa humo humo karakana, kama mteja mkorofi anayesimama mgongoni mwa fundi. Fremu ikasimama. Vikabaki vijiti vya ubavuni.

Halafu siku moja alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Safari hii seremala hakuuliza. Mkewe ndiye aliyesema, "Tangu nimeamka hajacheza."

Hospitali walimlaza. Moyo wa mtoto unapiga, daktari alisema, lakini unachoka. Watamwangalia, na ikibidi watamtoa kwa upasuaji kabla ya wakati. Dada wa mkewe, mwanamke wa maneno machache na yote makali, akabaki naye. Seremala aliambiwa arudi saa za kuona wagonjwa.

Alirudi karakana akasimama mbele ya ile fremu. Nimekiita mimi kile kinachosikiliza, aliwaza. Mkono ukaenda wenyewe kwenye nyundo.

Fundi wa sofa akachungulia. "Shemeji anaendeleaje?"

"Bado wanamwangalia."

Fundi aliitazama nyundo, akakitazama kitanda. Siku hiyo hakutania. "Unavunja au unajenga?" aliuliza. "Niambie nijue nishike wapi."

Seremala alipitisha kidole kwenye tundu tupu la fremu. Kisha akaiweka nyundo chini. "Nishikie kijiti hiki."

Saa za kuona wagonjwa zilipofika, alimkuta mkewe midomo imempauka. "Umefika wapi?" mkewe akauliza.

"Nimeingiza vijiti vya upande mmoja. Kimoja kilikataa tundu, nikakipunguza."

"Kwa randa?"

"Kwa kisu. Pole pole."

Mkewe akafumba macho. "Endelea kunisimulia."

Siku iliyofuata alikuwa akipiga msasa simu ilipolia. Alikuwa shemeji yake, yule dada wa mkewe. "Njoo," alisema, na simu ikakatika.

Kwa mtoto wa kwanza pia aliitwa hivyo hivyo, kwa neno hilo moja. Alitupa msasa, akakimbia na vumbi la mbao kichwani, kifua kinamwaka, na hata leo hakumbuki alipitia njia gani. Shemeji yake alikuwa amesimama kwenye korido, amempa mgongo. Akageuka.

"Simu imeniishia chaji," alisema. "Ni msichana. Mdogo kama kifaranga, lakini analia. Wamemweka kwenye mashine ya joto. Mama yake ametoka upasuaji, anazinduka."

Seremala akakaa chini pale pale.

"Inuka, shemeji. Sakafu imetoka kupigwa deki."

Daktari hakutoa ahadi. Tuone, alijibu kila alipoulizwa. Na hapo seremala akakwama tena, vibaya kuliko mwanzo. Kitanda kilibakisha kijiti kimoja, naye akakipita kila siku kama anapita kaburi. Mkewe, akiwa bado wodini, alimbana mpaka akakiri.

"Kile cha kwanza nilikimaliza," alisema seremala.

"Mwanetu wa kwanza alikabwa na kamba ya kitovu," mkewe alisema taratibu. "Hakuuawa na kitanda."

Hakuna kati yao aliyewahi kuyatamka hayo. Walikaa wameshikana mikono mpaka muuguzi alipokuja kumtoa seremala.

Alirudi karakana akatia gundi kwenye tundu, akakiingiza kijiti, akakigonga kwa kiganja. Akasimama akisikiliza. Kisha akamwita fundi wa sofa, wakakibeba kitanda hadi chumbani.

Kilikaa kitupu kwa wiki nyingi. Kila asubuhi alikiona, na kila asubuhi alikiacha kilivyo.

Mtoto aliruhusiwa mchana mmoja wa jua kali. Mama yake alimlaza katika kile kitanda, kisha mwenyewe akajinyoosha kupumzika. Seremala akapenyeza mkono katikati ya vijiti, akauweka karibu na pua ya mwanawe mpaka kiganja kikahisi joto.

"Anapumua," mkewe alisema, macho yamefumbwa.

"Najua," akajibu. Hakuutoa mkono.