Anande Wawili

Mama mkwe wangu alipata kiharusi wiki chache baada ya kunisimulia maisha yake. Alisimulia mara moja tu, akichambua maharage barazani kwake Kikwe, nami nikiandika moja kwa moja kwenye kompyuta ya shemeji yangu Rodrick. Nina diploma ya uhazili. Mtu akisema, vidole vyangu vinamfuata. Vidole, si kichwa.

Alitaja jina la mtoto wake wa kwanza, binti aliyekufa kabla ya kubatizwa. Wanawe hawakuwa wamewahi kulisikia. Lilikuwa jina la Kimeru, na mimi ni Mchaga. Niliandika alivyotamka, nikaendelea na yaliyofuata.

"Hilo lisomwe kanisani," aliniambia. "Nimelibeba peke yangu inatosha."

Ibada ya shukrani ya familia ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tunaandaa kijitabu, kila mtu na maneno yake, wakubwa kwanza, watoto mwisho, na Rodrick alikuwa ameyaweka yote kwenye faili moja refu. Ijumaa mchapaji wa Daraja Mbili akapiga simu. Anataka kila mtu awe na faili lake.

Rodrick akaja kwangu Kimandolu na kompyuta kwapani.

"Kazi ndogo, Mama Anande. Kuna programu inakata. Ikikuta jina la mtu juu ya maneno yake, inaanzisha faili jipya na kuliita jina hilohilo."

"Umeijaribu?"

"Shemeji, mimi nimezaliwa jana?"

Akabonyeza. Ikakata kabla sijamaliza kumimina chai. Nikavuta kiti nikaangalia.

"Mbona mafaili ni machache kuliko watu?"

"Hesabu vizuri."

"Naona Efraimu mmoja. Wasifu wa marehemu baba yenu uko wapi?"

Akafungua faili la Efraimu. Tulimkuta mtoto wa Rodrick, wa darasa la tatu, anayependa mpira na wali. Faili la Anande nililifungua mwenyewe. *Naitwa Anande. Nampenda Bibi kwa sababu nina jina lake.* Huyo alikuwa binti yangu. Chini yake hapakuwa na kitu.

Kwa Wameru mjukuu hupewa jina la babu au bibi, na Rodrick alikuwa ameandika majina ya kwanza tu, kama tunavyoitana. Programu ilimtengenezea bibi faili, kisha ilipofika kwa mjukuu ikakuta jina lipo tayari, ikamfuta bibi na kumweka mtoto.

"Fungua lile refu," nikasema.

Rodrick akakuna shingo.

"Rodrick. Fungua."

"Kulikuwa na sehemu ya kuchagua, 'futa faili la awali'. Niliweka tiki. Sikutaka mchapaji achanganyikiwe."

"Nakala?"

Hakuwa nayo. Tulimpelekea fundi mjini ile kompyuta, akahangaika nayo mpaka jioni, akaturudishia. "Diski za aina hii zikifuta, zimefuta," alisema.

Njiani Rodrick akaniambia, "Si utaandika upya tu? Ulimsikia mwenyewe."

"Na jina?"

"Jina gani?"

Hakuwa ameyasoma yale maneno. Mama yake mzazi, na hakuwa amesoma.

Kwa kweli mengine niliyakumbuka: miche ya kahawa aliyobeba kichwani kutoka mlimani, mwaka ambao mto ulichukua migomba. Jina sikuwa nalo. Nilijaribu kuandika huku nimefumba macho, nikidhani vidole vitakumbuka. Havikukumbuka.

Jumamosi nikaenda Kikwe. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mito, mkono wa kulia umelala mapajani. Kusema hawezi. Kuandika hakujifunza hata alipokuwa mzima. Mumewe na dada zake wote wamekufa.

"Shikamoo mama," nikasema, kisha nikamweleza yote bila kuzunguka. Sijui kuzunguka. "Jina la mtoto limepotea, mama. Nitataja majina. Nikilipata, inamisha kichwa."

Nikaanza na Namnyaki. Akatikisa kichwa. Nikataja majina ya Kimeru niliyoyasikia kwenye misiba na harusi za ukoo, ya majirani, ya wanawake wa sokoni. Kila moja alilisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa, polepole, bila hasira. Ningefurahi angekasirika.

Majina yakaniishia.

Yeye akaendelea kunitazama mdomoni, akisubiri linalofuata.